Masale Yaliyoipa Taa Kisogo

Saa sita mchana. Nje, jua la Kaloleni linachoma mabati. Ndani ya chumba cha Hedwiga Mosha hakuna mchana wala usiku, maana chumba hakina dirisha. Kuna taa mbili ndefu, nyeupe, zinazonguruma kwa mbali, na chini yake makopo sitini ya masale, mimea ya majani marefu ya Uchagani. Majani yote yametazama ukuta.

Hedwiga, mwenye miaka arobaini na saba, anayageuza kopo moja moja.

"Jana niliyageuza hivi hivi," anasema. "Njoo kesho uone."

Hatanii. Kila mkulima, hata wa kwenye kopo, anajua kwamba mmea hufuata mwanga. Haya yanaukimbia. Na ukuta ule uko mashariki, upande wa Kilimanjaro alikozaliwa.

Kazi yake ni kuotesha mimea ya ndani. Tangu biashara huria ije, ofisi zimeota mjini kama uyoga, na kila moja inataka kitu cha kijani karibu na meza ya karani. Wapangaji wenzake wanafuga mbuzi uani, na mbuzi wa mjini hachagui. Basi bustani ikaingia ndani.

Alianza na balbu tatu za wati mia moja. Zikiwaka saa kumi na mbili kwa siku zilikula uniti tatu na nusu, na ncha za majani zikaungua. Masale yalipogeuka, alidhani yanakimbia joto.

"Mama Irine, balbu ni jiko," fundi umeme Ludovick alimwambia. "Unalipia moto, mwanga unapewa kiduchu."

Akamfundisha kupima kwa kiganja. Kiweke juu ya jani: ukihisi joto, taa iko karibu mno, kivuli kikififia, iko mbali. Wakachagua tyubulaiti mbili za wati thelathini na sita, wakazining'iniza dhiraa moja juu ya makopo. Mita ikatulia kwenye uniti moja kwa siku, majani yakanawiri. Asubuhi ya tatu yalikuwa yametazama ukuta.

Ludovick akaziba kila ufa kwa saruji, akidhani jua linapenya. Hakuna kilichobadilika. Wakiwa bado ndani, mlango umefungwa, umeme ukakatika.

"Tukasikia majani yanasuguana," Hedwiga anasimulia. "Taratibu, kama watu wanaopishana kanisani. Upepo ungetoka wapi? Fundi akasema, mama Irine, hii si kazi ya umeme. Aliacha bisibisi yake hapo. Mpaka leo hajaifuata."

Hedwiga alishajua. Alikuwa anajidanganya tu na habari za balbu.

Kwa Wachaga, isale si pambo. Ni mpaka wa kihamba, shamba la ukoo lenye nyumba ndani yake, ni alama ya kaburi, na ni jani la msamaha. Aliyekosa akimpelekea mwenzake isale, mwenzake hana ruhusa ya kukataa. Mwaka juzi, 1997, hoteli moja ilimwagiza makopo themanini kwa haraka. Hedwiga akapanda basi hadi Kilema, kijijini kwao, akaingia kihambani kaka yake akiwa sokoni, akakata masale mazuri kuliko yote aliyoyaona. Yalikuwa juu ya kaburi la baba yao. Aliyakata yote.

"Nikajisemea, baba hawezi kuninyima. Jirani angenipa bure ningemwomba, lakini kuomba kulikuwa kunanichelewesha. Tamaa mbele, mauti nyuma."

Hoteli ilichukua ishirini, ikaghairi mengine. Kaka yake, Melkizedeki, alilikuta kaburi liko wazi kama kiwanja. Akampiga marufuku kukanyaga nyumbani. Na ndani ya nyumba hiyo yumo mama yao, mgonjwa, ambaye Hedwiga hajamwona kwa Krismasi mbili.

Aliwahi kwenda kuomba radhi. Alikata jani moja humu chumbani, akalipeleka kwa mikono miwili. Melkizedeki hakulipokea.

"Hili ni la baba," alisema. "Unaniomba msamaha kwa kitu ulichomwibia?"

Hedwiga anapofika hapo anafuta uso kwa upande wa kanga. "Kosa moja haliachi mke, wanasema. Lakini mimi ni dada. Dada anaachika vizuri tu."

Mwezi uliopita ofisi moja ya Njiro ilitaka makopo arobaini, kwa bei ambayo ingelipa chumba miezi mitano. Alikataa. Sasa anaishi kwa kuuza miche ya maua mengine, na taa zinaendelea kuwaka juu ya masale asiyoyauza. Kwa balbu za zamani asingeweza, anakiri. Uniti moja kwa siku anaimudu.

Anataka mizizi ikomae kabla ya Desemba, Wachaga wote wanaporudi nyumbani. Atakodi pikapu, apakie makopo yote sitini, asimame kwenye njia ya kihamba bila kukanyaga ndani, na kumwomba kaka yake ruhusa ya kuyapanda pale alipoyatoa.

Na asipokubali?

Hedwiga anageuza kopo la mwisho, anakaa kitako sakafuni.

"Nitabaki pale njiani nikisalimiana na wapita njia, kwa sauti kubwa. Mama haoni tena, hata umwashie taa gani. Lakini anasikia. Atawauliza mwenyewe waliomo ndani, 'Kwa nini mwanangu haingii?'"