Ndege Zilizorudi Nyepesi

Mwaka huu nimerudi Kisangani, wiki tatu juu ya boti kutoka Kinshasa, miguu imevimba, nguo zinanuka mafuta ya mashine. Nilifikia kwa dada yangu mdogo, mtaani Kabondo. Sijakaa hata vizuri, watoto wake wawili wakanisogezea simu. Ilikuwa picha ya ndege ya vita, imesimama juani, na mbele yake silaha zote inazoweza kubeba zimepangwa chini: mabomu makubwa nyuma, madogo mbele, roketi kandokando, risasi zimelazwa kama shanga sokoni.

"Tantine, angalia! Hii yote iko nabeba yenyewe moja!"

Niliwaambia nimechoka, waniache kwanza ninywe chai. Ilikuwa kweli. Lakini wewe rafiki yangu, wewe nitakueleza.

Utotoni hatukukaa Kabondo. Tulikaa mwisho wa mji, karibu na kiwanja cha zamani cha ndege, mahali ambapo shamba la mihogo la nyanya yetu liligusana na majani ya kiwanja. Nyanya tulimwita koko. Asubuhi tuliamshwa na mchi wake ukiponda ndizi za lituma, na moshi wa kuni mbichi ukipita chini ya mlango. Kazi yangu ilikuwa kuchuma majani ya mihogo ya kupika pondu na kuyatwanga, na kelele ya kinu changu kidogo ilijibizana na ya kwake hadi jua lipande.

Papa, baba yetu, alikuwa mpakizi kiwanjani. Ndege zilileta chumvi, sabuni, makayabu, wale samaki wa chumvi, na zikaondoka na mchele na mafuta ya mawese. Alikuwa na sifa moja: akiinua gunia mara moja tu, anakuambia uzito wake, na mizani haikumpinga. Jioni alirudi na harufu ya samaki wa chumvi shingoni, nasi tulimrukia mgongoni wawili wawili, naye akatutembeza uani kama mizigo.

Kisha vita vikafika. Askari wakachukua kiwanja, na ndege za chumvi zikakoma. Zikaja ndege nyingine mbili, nyembamba, za kijivu, pamoja na mafundi wageni walioongea lugha tusiyoijua. Wapakizi waliambiwa warudi kazini. Hakuna aliyewauliza kama wanataka.

Sitakuficha: sisi watoto tulizipenda zile ndege. Tulilala kifudifudi kwenye mihogo ya koko na kutazama zikipakiwa. Bomu lilikuja juu ya kigari, nene, kijani, limelala kama samaki kapitene aliyetoka kwenye mitego ya wavuvi Wagenia. Wanaume wanane walilishika, papa yuko mbele, wanalinyanyua polepole hadi chini ya bawa, na fundi anafunga. Mawili upande huu, mawili upande ule, halafu madogo mawili huko mwisho wa mabawa. Katikati vilikaa vikopo vya roketi, vyenye matundu kama mzinga wa nyuki. Ndege ilionekana kama mama anayetoka sokoni, mtoto mgongoni, beseni kichwani, na masufuria mikono yote miwili. Tulishangaa itaruka vipi. Iliruka. Tulipiga makofi.

Papa hakupenda tumuulize. Nikimwuliza bomu lina uzito gani, yeye aliyejua uzito wa kila kitu, alinijibu, "Kula, chakula itapoa." Na koko, akimkanda mabega kwa mafuta ya moto, alikuwa na msemo wake: "Bega haichagulake muzigo." Papa alifumba macho tu.

Mimi nilikuwa hodari wa hesabu, na hapo ndipo mambo yalipoanzia. Siku moja mwalimu wetu, mwanamke mpole ambaye hata fimbo hakuwa nayo, alitaka kila mtoto atunge hesabu ya kutoa. Mmoja alitoa maembe, mwingine kuku. Mimi nikasimama kifua mbele.

"Ndege iliondoka na bomu sita. Ilirudi na bomu mbili. Ngapi ilibakia kule?"

Darasa lilicheka kwa furaha, maana kila mtu aliijua ile ndege. Mwalimu hakucheka.

"Kule wapi?" akaniuliza.

"Ngambo ya mto, madame. Inavuka, inakata mukono wa kushoto, inafuata barabara ya pori. Juzi ilienda ile njia, jana tena ilienda."

"Uliona na macho yako?"

"Niliona. Inaendaka nzito, inarudiaka mwepesi."

Aliweka chaki juu ya meza. Alitazama dirishani, upande wa mto, sisi tukaanza kupiga kelele, naye hakutunyamazisha. Kisha alichukua mkoba wake akatoka. Baadaye ndipo tulipojua: mama yake mzazi alikaa peke yake katika kijiji kando ya barabara ile. Mwalimu alivuka mto kwa pirogi siku ileile, akaazima baiskeli, akaingia pori.

Siku tano hatukuwa na mwalimu. Siku ya sita alikuja nyumbani kwetu, anasukuma baiskeli, na mama yake mzee amefungwa kwa kitenge kwenye kiti cha nyuma ili asianguke. Kijiji kilikuwa kimeungua. Mwalimu alimkuta mama yake njiani, chini ya mti, hana jeraha lolote, ila hasikii.

Mwalimu alikuja kutushukuru. Alimwambia papa, "Mutoto wenu ndiye alinifungua macho. Bila yeye, ningefika na kuchelewa." Papa aliniangalia. Sijawahi kuangaliwa vile tena maishani. Koko alileta lituma na samaki wa liboke, aliyeokwa ndani ya majani, tukakaa uani chini ya kivuli cha paa, na yule mama mzee alikula kwa utulivu, akipangusa vidole kila baada ya tonge. Aliposhiba alimgeukia papa kwa adabu, kama mgeni anavyofanya.

"Papa, wewe unafanyaka kazi gani?"

"Niko napakia," papa akasema.

"Sema kwa nguvu. Masikio yangu ilikufa."

Koko akaingilia kati haraka. "Mizigo! Anapakiaka mizigo!"

"Mizigo gani?"

Koko alianza kukusanya sahani. Mwalimu alikuwa ameinamisha kichwa. Nadhani alishajua, alijua tangu darasani. Papa alisogea karibu, akainama hadi kwenye sikio la yule mama, na ilimbidi apige kelele, yeye ambaye hakuwahi kupaza sauti nyumbani. Majirani wote walisikia.

"Bomu, mama! Ni mimi niko napakia bomu!"

Yule mama alimtazama usoni, kisha mikononi. Aliushika mkono mmoja, akaugeuza, akapitisha kidole juu ya sugu.

"Iko nzito?"

"Nzito sana, mama."

"Pole," akasema, na akauachia.

Labda ungependa nikuambie kwamba papa hakurudi tena kazini. Alirudi kesho yake. Mpakizi mmoja aliyejificha alifuatwa nyumbani kwake, na mkewe hakumwona tena. Papa alikuwa na sisi. Lakini tangu siku ile aliamka mapema zaidi, akajaza bidoni kubwa ya maji kisimani, akaiweka begani, akaipeleka nyumbani kwa mwalimu kwa ajili ya yule mama. Kisha kutoka hapohapo akaenda kiwanjani. Hakuna aliyemwomba, na hakuna aliyemzuia. Vita vilipohama na zile ndege zikaondoka, aliendelea na maji hadi mama yule alipofariki. Mimi sikulala tena kwenye mihogo kuangalia.

Jana nilienda kupaona pale tulipokulia. Shamba la koko ni nyumba za matofali sasa. Kisima kimefukiwa, shule imehamishwa, na mwalimu, wanasema, alikwenda kuishi Isangi kwa ndugu zake. Nilisimama njiani nikitafuta hata harufu moja niliyoijua. Pikipiki zilinipigia honi nisogee.

Papa alizeeka akiwa amepinda upande mmoja. Hakuweza kumbeba hata mjukuu mmoja. Mwaka wake wa mwisho nilimpeleka hospitali, na muuguzi, akimpapasa uti wa mgongo, akamwuliza ni mzigo gani uliomfanya vile. Papa alifikiri kwa uaminifu, kama mtu anayetaka kujibu vizuri.

"Sijui, mwanangu," akasema. "Nilibebaka mingi."