Maige na Gari la Mzee Kamrudin

Kaka yangu Maige alikuwa fundi umeme wa magari pale Kambarage, Shinyanga, na alikuwa na tabia ya kuzungumza na magari. Hakuwa akitania. Alikuwa anainama chini ya boneti na kuiuliza starta, "Bebe, unaumwa nini?" kwa sauti ile ile mtu anayomwulizia mgonjwa kitandani. Wateja wageni walicheka. Wenyeji walishazoea. Mimi nilikuwa nauza chai na maandazi kwenye kibanda kilichopakana na gereji yake, kwa hiyo mengi niliyasikia nikiwa nimempa mgongo, nakaanga.

Ufundi aliupatia kwa Mzee Kamrudin, mwenye duka la spea mjini. Maige alitoka kijijini kwetu akaajiriwa pale kubeba mizigo, na haukupita muda mzee akamkuta stoo amefungua redio mbovu, vipande vimetapakaa sakafuni, na mizigo haijaguswa. Tajiri mwingine angemfukuza. Mzee Kamrudin alimpa taa ya kupimia umeme na kona ya kuchajia betri nyuma ya duka, akamwambia, "Kaa hapa, haribu vyangu kwanza kabla hujaenda kuharibu vya watu." Na kweli Maige aliharibu vingi. Ndiyo maana hata baada ya kufungua gereji yake aliendelea kupita dukani kila asubuhi, "Shikamoo, Mzee," hata kama hana shida ya spea.

Mwaka 1997 mzee akapata kiharusi. Upande mmoja wa mwili ukalala, na maneno yakampotea yote. Kilichobaki kumfurahisha kilikuwa gari lake, gari kubwa la Kiingereza la rangi ya kijani. Kila alasiri mkewe, Anar, ambaye sisi tulimwita Mama Nazia, alisaidiana na dereva kumpandisha kiti cha mbele. Alikaa humo uani, anashusha vioo, anapandisha vioo, anasikiliza kaseti zake. Siku nyingine walimpeleka hadi Maganzo, alikofungua duka la kwanza ujanani. Hakushuka. Alitazama tu pilikapilika za barabarani na za wachimba almasi, kisha wakarudi.

Zikaja mvua za El Nino. Siku moja wakitoka Maganzo walipita kwenye maji yaliyofunika barabara, yakaingia hadi ndani. Walifika nyumbani salama, lakini asubuhi yake honi ikaanza kulia yenyewe. Vioo vikashuka mvua ikiwa inanyesha. Waipa zikafuta, zikasimama, zikafuta tena, na milango ikajifunga na kujifungua bila kuguswa na mtu. Majirani walijaa uani. Dereva aliomba ruhusa ya kwenda kwao na hakurudi tena, akisema yeye hakuajiriwa kuendesha jini.

Maige alifika, akachomoa waya wa betri, kelele zikakatika. Akafungua chini ya kiti cha mbele. Kapeti lilikuwa limelowa chapachapa, na hapo palikuwa na boksi la bati, ukubwa wa mkate, limechomekwa nyaya nyingi kama nywele.

"Mama Nazia, hakuna jini," alisema, akiligusa boksi. "Taa, honi, vioo, milango, hata viti, vyote vinaomba ruhusa kwa huyu. Sasa huyu kanywa maji, akili zimemruka."

Alilifungua boksi, akalisafisha kutu ya kijani kwa spiriti na mswaki, akalianika juani karibu na maandazi yangu. Alipolirudisha, gari likatii. Mzee alishinda alasiri nzima akicheza na vioo. Kesho yake gari lilikuwa kimya kabisa, hata taa ya ndani haikuwaka.

Mzee akaanza kukataa chakula. Mama Nazia alikuja kibandani kwangu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akaketi kwenye benchi. "Limi, mwambie kaka yako atafute boksi lingine popote. Mzee wangu anakaa dirishani anatazama uani tu."

Maige aliulizia kila mtu. Dereva mmoja wa lori ndiye aliyemwambia kwamba mbele ya Kahama, upande wa kuelekea Geita, kulikuwa na kambi ya watafiti wa dhahabu iliyofungwa, na nje ya kambi kulikuwa na gari la aina ile ile lililopinduka likaachwa. Maige akadandia lori hilo hilo. Alirudi tope hadi magotini, boksi amelifunga kwenye kanga kama mtoto, na kabla hata hajalifunga garini alikuwa ameshatangazia Kambarage nzima kwamba kazi imekwisha.

Alilifunga. Taa zikawaka, honi ikalia vizuri, vioo vikapanda. Tukapiga makofi. Akazungusha ufunguo, na injini ikagoma. Akajaribu tena. Ikagoma tena. Kwa mara ya kwanza nilimwona kaka yangu yuko mbele ya gari na hana la kuliambia. Watu walianza kuondoka mmoja mmoja, kwa heshima, nami nikamletea chai ambayo hakuinywa.

Mama Nazia hakumlaumu. Alimpeleka dukani, akapiga simu Mwanza kwa Selestine, fundi aliyewahi kuyashughulikia magari ya namna hiyo, akamkabidhi Maige mkono wa simu.

"Umechukua boksi peke yake?" Selestine aliuliza, akacheka. "Ndugu yangu, hilo boksi na kompyuta ya injini vina namba yao ya siri. Vinajuana kama mtu na mkewe. Ukileta mume mgeni, mke hamfungulii. Rudi ukachukue la injini pia, swichi ya kuwashia, na ufunguo wa gari lile lile."

Maige alirudi. La injini na swichi alivipata, lakini mlinzi wa kambi akamwambia ufunguo anao Gregory, aliyekuwa dereva. Alimkuta kijiji cha pili akichunga ng'ombe wa mama mkwe wake. Gregory alikuwa mtu mfupi, mpole. Siku gari lilipopinduka hakuna aliyeumia, ila tangu hapo hakugusa usukani tena. Ufunguo alikuwa ameutundika ukutani, hajui kwa nini.

"Unautaka wa nini?" aliuliza. "Gari lile limekufa."

"Kuna mzee hawezi kusema," Maige alimjibu. "Gari lake ndilo mdomo wake."

Gregory akaingia ndani, akatoka na ufunguo. Lakini hakuutoa. "Nitaupeleka mwenyewe," alisema.

Siku ya kufunga hapakuwa na makofi. Maige alikuwa amekoma kutangaza. Alifunga boksi la chini ya kiti, akafunga la injini na swichi, akarudisha waya wa betri, akamwashiria Gregory aingie. Gregory akachomeka ufunguo. Kabla hajauzungusha, kiti kikaanza kutembea chenyewe kwenda mbele, kikainuka, kikasimama pale pale miguu yake mifupi ilipohitaji. Boksi lilikuwa bado linamkumbuka dereva wake. Gregory alifunika uso kwa mikono, na sote tulidhani analia, kumbe anacheka. Akawasha. Injini ikaitika mara moja.

Tukamtoa mzee, tukamkalisha pembeni yake. Gregory alitaka kushuka. "Mama, mimi nimeleta ufunguo tu. Kuendesha siwezi." Mzee Kamrudin akanyoosha mkono wake uliobaki mzima, akaushika mkono wa Gregory, akauweka juu ya usukani na kuukandamiza hapo. Hakuutoa. Basi Gregory akazunguka uani polepole, jasho likimtoka. Akazunguka tena. Wiki iliyofuata walikwenda Maganzo.

Gregory hakurudi kwa ng'ombe. Alimwita mkewe Shinyanga, akamwendesha mzee muda wote uliobaki. Mzee hakupata kusema tena, lakini aligundua mchezo: alikuwa anamwonyesha Gregory kwa kidole akisogeze kiti nyuma, autoe ufunguo na auchomeke upya, ili kiti kitembee chenyewe kurudi mahali pake, na kila mara alicheka mabega yakitikisika. Mama Nazia alikuwa anawafokea kwamba watamaliza betri, naye mwenyewe anacheka.

Mzee alifariki mwaka 1999, wakati wa kiangazi. Maige alikaa siku nyingi msibani, akiwapokea watu mlangoni kama mtoto wa nyumba, na watu walimpa pole kama mtoto wa nyumba. Baadaye alihamia Kahama, akafungua gereji Nyahanga. Nilipomtembelea mara ya kwanza nilimkuta amelala chini ya basi, miguu tu inaonekana, anabembeleza kitu nisichokiona. Nikasimama kando, nikamwacha amalize mazungumzo yake.