Nilipovimba Mashavu, Bibi Akasoma

Juzi nilikwenda Kariakoo kununua kitambaa cha mapazia, nikarudi nyumbani na vitabu vinne na pazia hata moja sina. Wanaonijua hawakushangaa. Pale kando ya barabara, katikati ya muuza soksi na muuza chaja za simu, kijana mmoja alikuwa ametandaza turubai, na juu yake vitabu vilivyochoka, vingine havina hata jalada. Nikachutama. Nikainua kimoja, nikakinusa, kisha nikafungua ukurasa wa mwisho kabla ya wa kwanza. Kijana akacheka. "Anti, unaanzia mwisho?" Nikamwambia ndivyo nilivyofunzwa kununua kitabu. Hakuuliza na nani, maana mteja mwingine alishafika. Basi nitakusimulia wewe.

Nililelewa na bibi yangu, mzaa mama, katika nyumba ya kupanga mitaa michache tu kutoka sokoni. Ilikuwa nyumba ya Kiswahili kama zilivyokuwa zote wakati ule: korido katikati, vyumba huku na huku, na uani nyuma kwenye bomba na majiko. Kila chumba familia yake. Asubuhi korido ilinukia chai ya tangawizi iliyochanganyika na moshi wa mkaa. Mchana ilinukia nazi na samaki wa soko la Feri. Nje mikokoteni haikulala, na wapagazi walikuwa wakipaza sauti kutwa nzima, "Pisha! Pisha mzigo!"

Bibi alikuwa mtu wa pwani, mtu wa kanga na udi wa Ijumaa. Msahafu aliusoma vizuri sana. Lakini hizi herufi zetu za shuleni alizijua nusunusu, kwa sababu madarasa ya watu wazima aliyaacha njiani alipojifungua mama yangu. "Nilifika mpaka 'mwa' na 'nya'," alipenda kusema, "halafu mama yako akaniita."

Kwa hiyo msomaji wa nyumba nilikuwa mimi. Kila jioni, nikisharudi shule na kuosha vyombo, nilikaa kwenye mkeka koridoni nikamsomea, naye akichambua mchele. Mwanzoni tulikuwa wawili tu. Kisha jirani wa chumba cha mbele akaanza kuvuta kigoda. Alikuwa mama wa Kichaga kutoka Moshi. Yeye na mumewe waliuza sufuria kwa jumla, nasi tulimwita Mama Sufuria. Siku za hadithi tamu alimwachia mumewe duka mapema, akisingizia kichwa kinamuuma. Wa tatu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mpangaji wa chumba cha mwisho, aliyekuwa akisahihisha kazi za wanafunzi mlangoni kwake na kujifanya hasikilizi. Haikuchukua muda, wanawake wa nyumba nzima wakawa wanaleta kazi zao pale: huyu anasuka nywele, yule anamenya vitunguu. Mtu akiingia na salamu zake, Bibi aliinua kidole, na salamu ikasubiri mpaka aya iishe.

Basi mwaka mmoja Mama Sufuria akatuletea riwaya nene, ya zamani, karatasi zake zimegeuka rangi ya chai ya maziwa. Ilikuwa habari ya binti yatima na mama yake wa kambo. Tuliisoma kwa wiki kadhaa, na kila siku tulimlaani yule mama wa kambo kwa pamoja. Jioni moja tukafika mahali ambapo ni siku ya harusi, waoaji wamekwisha kuketi barazani, na mama wa kambo amemfungia bi harusi stoo na kuutumbukiza ufunguo kisimani. Hapo adhana ya magharibi ikalia. Bibi akafunga kitabu. Hakuna aliyelala vizuri.

Asubuhi niliamka mashavu yamevimba kama nimeficha maandazi mawili mdomoni. Matubwitubwi. Bibi akanipaka masizi ya chungu, akanilaza, akaniachia uji. Kufungua kinywa sikuweza, sembuse kusoma.

Ilipofika jioni vigoda vilivutwa kama kawaida. Niliwasikia, na kidogo niliwaona, kupitia mlango uliokuwa wazi.

"Mtoto hajambo?" akauliza Mama Sufuria.

"Taya limekaza," Bibi akajibu.

Vichwa vikatikiswa kwa heshima. Halafu Mama Sufuria akasema kwa upole, "Pole yake, maskini. Na yule wa stoo je?"

Wakakubaliana asome Mama Sufuria mwenyewe. Akasoma, lakini alisoma kama mtu anayehesabu mzigo unaoshushwa kwenye lori: hakuna nukta, hakuna kupumua. Bi harusi akalia akapiga mlango akaanguka akainuka, yote kwa pumzi moja. "Mwanangu, taratibu," Bibi akamsihi, "huyo binti atakufa kwa kuchoka." Wakampa mwalimu. Mwalimu alisoma vizuri, ila baada ya kila aya alitua, akavua miwani, akauliza, "Je, hapa mwandishi anatufundisha nini?"

"Mwalimu," Bibi akasema, "mtoto wa watu kafungiwa stoo, wewe unatutungia mtihani?"

Korido ikacheka, na mwalimu naye akacheka, akakirudisha kitabu. Nikadhani wataahirisha. Mara nikasikia sauti ya Bibi, si ile ya kila siku, ni sauti ndogo kidogo, ya mtu anayepita kwenye matope na viatu vipya.

"Ka-ti-ka... gi-za. Giza! Katika giza, a-ka-pa-pa-sa."

"Akapapasa!" Mama Sufuria akadakia. "Anapapasa nini, mama?"

"Ngoja nifike. U-ku-ta."

"Ukuta!" wakajibu wote.

Rafiki yangu, sijawahi kusikia hadithi ikisomwa vile tena. Kila neno lilikuja peke yake, kama mgeni anayeingia mlangoni, na wote walimpokea. Hakuna aliyemharakisha. Vitunguu viliachwa, nywele ziliachwa nusu. Kulipotokea neno "dirisha" mtu alipiga yowe, na mpagazi mmoja nje akachungulia kuuliza kama kuna msiba.

Kisha Bibi akakwama. Nikasikia akilirudia neno, akiliacha, akilirudia. "A-ka... a-ka..." Mwalimu akafungua kinywa, Bibi akamwinulia kidole. Akasimama, akaingia chumbani na kitabu, akakiinamisha usoni pangu na kunionyesha mahali. Nikatazama. Kusema siwezi. Nikaweka vidole viwili kichwani, kama pembe.

Bibi akanikazia macho. "Mbuzi?"

Nikatikisa kichwa, nikapanua pembe.

"Ng'ombe," akanong'ona. "Ng'... ng'o... aka-ng'o-a. Akang'oa!" Akatoka mbio koridoni, kanga ikimdondoka begani. "Kang'oa nondo za dirisha! Mtoto katoka!"

Wakampigia makofi. Mama Sufuria akapiga kigelegele ambacho hata wa pwani walikikubali. Mimi kitandani nilicheka mpaka machozi yakanitoka, kwa furaha na kwa maumivu, maana kucheka na matubwitubwi ni adhabu.

Nilipopona nilinyoosha mkono nipewe kitabu changu. "Pumzika, mwanangu," Bibi akasema, "taya lako bado laini." Lilibaki laini mpaka riwaya ikaisha.

Tangu hapo yeye ndiye aliyekwenda kuvitafuta vitabu mitaani, nami nikimshikia kikapu. Alivinusa kwanza, kwa kuwa kilichowahi kulowa mvua hakifichi harufu. Kisha ukurasa wa mwisho. Kama haupo, alimgeukia muuzaji: "Samaki asiye na mkia ungemnunua wewe?" Nyumbani alivipanga kwenye kabati la kioo, na karafuu katikati yake kufukuza wadudu, sahani za kauri zikahamia chini ya kitanda. Wageni tukawaandalia kwenye sahani za bati.

Siku hizi vitabu vyangu vimejaa ukuta mzima, nami nasoma kimya kama watu wote wa mjini. Nikifika mahali patamu huinua kichwa niangalie nani kasikia. Mama Sufuria alijenga Mbezi. Mwalimu alistaafu akarudi kwao. Bibi alisoma mpaka miwani yake ikawa mizito kama vitako vya chupa, na alituaga akiwa na amani. Nyumba yetu iliuzwa, likapandishwa ghorofa la maduka. Nimewahi kuingia. Pale ilipokuwa korido yetu, sasa vijana wanauza simu, wazuri, wachangamfu, nao hawajui kwamba hapo waliposimama nyumba nzima iliwahi kumpigia makofi mwanamke kwa kulishinda neno moja.