Yotamu Alivyosoma kwa Wimbo wa Jembe

Mwanangu wa darasa la kwanza, keti hapo. Usicheke nikikuita mwanangu. Nina miaka kumi na saba na ndevu nne, na katika bweni hili hakuna kinachonizidi uzee isipokuwa mlango.

Siku nisiyoisahau ni ya mwaka jana, tukipalilia mahindi ya shule. Zilikuwa zimebaki wiki mbili tusome kwa sauti mbele ya Bwana Mkaguzi, na atakayeshindwa angerudishwa kwao. Yotamu wa Ndalambo alikuwa na kigugumizi. Nami, mjinga mwenye masikio mazuri, nilikuwa hodari wa kumwigiza: "Ki-ki-ki-kitabu!" Darasa likavunjika kwa kicheko. Usiku ule Yotamu akakunja shuka lake, akasema kwa tabu kwamba tukimaliza palizi anakwenda migodi ya shaba, ng'ambo ya mpaka.

Asubuhi ya palizi mwanzishaji wetu wa wimbo wa jembe alikuwa na homa. Bila wimbo hatulimi; majembe hugongana kama mabeberu. Mara sauti ikatoka mstari wa nyuma, imenyooka, haikwami hata neno moja. Yotamu! Tukaitikia, shamba likasonga.

Mwalimu Andulile, aliyetusimamia shambani, akavua kofia. "Wewe mcheshi, umesikia?"

"Nimesikia, Mwalimu."

"Basi kila jioni utamgongea mpini wa jembe, asome kwa kuimba. Akirudishwa, utamsindikiza hadi Ndalambo. Kwa miguu, na mzigo wake kichwani kwako."

Niligonga, mwanangu, mpaka mpini ukaota sugu kabla yangu. Wiki ya kwanza Yotamu aliimba kila ukurasa. Ya pili akapunguza tuni, akabaki akigonga paja kwa kidole.

Siku yenyewe alikwama mara mbili, akagonga paja, akaendelea mpaka nukta ya mwisho. "Vizuri, kaa," akasema Bwana Mkaguzi. Nikaitwa mimi, nikakwama kwenye neno la kwanza. Yotamu akaninong'oneza, "Ni-nikugongee, mzee?" Tukacheka wote wawili, nami nikasoma.

Basi sikia. Ukimwona mwenzako amekwama, usimwigize, mwanzishie wimbo. Hamu ya nyumbani ikikubana, au hesabu zikikutoa jasho, nenda kwaya, hata kama sauti yako ni ya chura. Wimbo hutuliza pumzi, na pumzi ikitulia kichwa nacho hukubali kufundishwa.

Mungu akupe koo lisilokauka na wenzako wa kukuitikia, leo na hata utakapokuwa mzee kweli.