Maji ya Kwanza ya Vitambaa vya Altare

Jumamosi tarehe 14 Septemba, Mama Mdogo aliingia sakristia saa moja na robo asubuhi. Ilipotimu saa mbili kasoro dakika tano, alitoka kwa mlango wa nyuma akiwa amebeba beseni jeupe la maji ya vitambaa vya altare. Saa tatu na nusu nilifika parokiani kubadilisha swichi ya taa za kwaya, nikamkuta amesimama palepale, beseni mikononi, maji hayajamwagwa.

Mama Mdogo ni mdogo wake mama yangu, mshonaji wa sare za shule, mjane, na kwa miaka kumi na minane amefua vitambaa vya parokia bila kulipwa. Wengi hawamjui kwa jina. Humwita Mama Vitambaa. Vitambaa hivyo ndivyo vinavyofuta kalisi, kikombe cha divai ya misa, na kutandikwa chini ya Ekaristi, na huenda vikabaki na chembe au tone. Kwa hiyo, kwa desturi ya Kanisa, maji ya kwanza ya kuvisuuza hayaingizwi katika bomba la maji machafu pamoja na mapovu ya vyombo. Humwagwa katika udongo safi. Mama Mdogo alikuwa na kipande chake cha ardhi, kati ya ukuta wa sakristia na uzio, kipana kama kitanda. Alikilinda kwa ukali. Mtu akitema mate pale, hata awe katekista, aliambiwa afute.

Asubuhi hiyo kipande hakikuonekana. Juu yake palikuwa na lundo lililofika kiunoni: televisheni zenye migongo mikubwa zilizopasuliwa, printa zinazovuja wino, nyaya zilizochunwa, na betri za simu zilizovimba kama matumbo ya vyura waliokufa. Betri kubwa, ile ya kuhifadhi umeme wa kompyuta, ilikuwa imepasuka, ikitoa ute uliogeuza udongo rangi ya usaha. Palinuka yai viza. Panya alitoka ndani ya televisheni, akatutazama bila haraka, akarudi.

Lundo hilo lilikuwa na historia ya heshima. Wiki mbili kabla yake, parokia iliadhimisha Jumapili ya Uumbaji, na Padre alihubiri vizuri mno. Alisema dunia ni nyumba yetu ya pamoja. Kwamba teknolojia ni zawadi ikimtumikia mwanadamu na ni minyororo ikimtawala. Kwamba kinachomneemesha mmoja na kumtia sumu jirani yake hakiwezi kuitwa maendeleo, kwa sababu kinakanyaga manufaa ya wote. Waamini walipiga makofi. Kisha mwenyekiti wa kamati ya mazingira akatwaa kipaza sauti, akawaalika wote walete vifaa vyao vilivyokufa. Atakayeleta, alisema, atapunguziwa bei ya kifaa kipya katika duka moja la mjini. Hakusema kwamba duka hilo ni lake, ingawa hapakuwa na asiyejua.

Vifaa vililetwa, vikanyunyiziwa maji ya baraka, vikapigwa picha. Jumatano ya tarehe 11 likaja gari la mnunuzi wa vyuma chakavu. Vijana wenye nyundo walivunja, wakachukua shaba na vibao vyenye madini, wakaacha matumbo. Mwenyekiti aliagiza matumbo hayo yasukumwe nyuma ya sakristia, “kwa muda tu.”

Sasa mwenyekiti alikuja, simu mkononi, akitabasamu.

“Mama Vitambaa, shikamoo.”

“Marahaba. Nionyeshe pa kumwaga.”

“Si pale kwenye sinki, mama yangu? Maji ni maji.”

“Basi yanywe.”

Wanakwaya waliokuwa dirishani waliangua kicheko. Mwenyekiti aliwatupia jicho, wakajifanya wanatafuta nota.

“Mama, dunia imebadilika. Siku hizi hata misa tunairusha mtandaoni.”

“Haya. Yarushe na haya.”

Tabasamu lilimtoka. Alisema, kwa sauti ya chini kidogo, kwamba kama mama amechoka aseme tu, kwani wapo kina dada wenye mashine za kufulia ambao wangeipokea huduma hiyo kwa shukrani na bila maneno. Mama Mdogo alilisogeza beseni kifuani. Tangu afiwe na mume, kazi ile ndiyo inayomtoa kitandani kila Jumamosi.

Wakati huo Padre alikuwa amefika, ameziba pua kwa mkono wa kanzu. Yeye hupitia mlango wa mbele. Hakuwa ameliona lundo. Alilitazama, akamtazama mwenyekiti, akasema liondoke kabla ya jua kuzama.

“Limekwisha, Padre,” alisema mwenyekiti. “Hesabu limekwisha.”

Na kweli, saa kumi na moja jioni pale nyuma palikuwa peupe. Udongo mbovu ulikuwa umekwanguliwa, na mwingine mwekundu umeletwa na kusawazishwa. Mama Mdogo alimwaga maji yake taratibu, akasubiri hadi yakanywewa yote, akaenda nyumbani akiimba wimbo wa komunyo. Hata mimi niliona mambo yameisha vizuri.

Jumatatu nilikuwa kwake, nikifunga motori ya cherehani. Nyumba yake iko mwisho wa mtaa, pale ambapo barabara inakatika na korongo linaanza. Jirani yake muuza mkaa alipiga hodi huku akikohoa.

“Mama Vitambaa, njoo uone sadaka yenu.”

“Sadaka gani tena?”

“Njoo tu. Leta na kitambaa cha pua.”

Lundo lilikuwa korongoni. Mtu alikuwa amelichoma tita la nyaya ili atoe shaba iliyosalia, na moshi mweusi, mzito, wenye utamu wa kuchefua, ulikuwa umelala juu ya kijito. Maji yalibeba ngozi ya mafuta yenye rangi rangi. Hatua chache chini yake, mwanamke alikuwa akisuuza nepi.

“Limeletwa na gari gani?” aliuliza Mama Mdogo.

“La parokia. Jina mlangoni, msalaba juu ya jina. Mlitaka tusikosee?”

Mama Mdogo aliniambia: “Niliomba udongo safi kwa maji yangu, wakachafua wa watoto wa watu.”

Alikwenda parokiani vilevile, na nyuzi za cherehani zikiwa zimemganda kwenye gauni. Nilimfuata.

“Padre, sifui tena.”

“Kwa nini, mama? Si tumeuondoa ule uchafu?”

“Mmeuhamisha. Uko kwetu, korongoni. Wa nyuma ya sakristia ni udongo wa Mungu. Wa kwetu ni wa nani?”

Padre hakumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa wala hakutaja kamati. Alivaa viatu vya mpira akashuka nasi, na alipouona mkono wa yule mwanamke ukiwa umeshika nepi ndani ya maji yale, alisema kwa sauti kavu, “Na mimi nilihubiri.” Mchana huo, yeye na akina mama wa jumuiya walivaa glavu, wakapandisha lundo kwa mikokoteni. Hawakulirudisha nyuma ya sakristia. Walilishusha juu ya sakafu ya saruji mbele ya mlango mkuu, karibu na maegesho.

Mwenyekiti alikuja mbio. “Padre, hapa ndipo wageni wanaposhukia!”

“Ndiyo maana,” alisema Padre. “Litakaa hapa mpaka upate mtu wa kulichukua bila kulimwaga kwa mwingine.”

Jumamosi iliyofuata Mama Mdogo alifua.

Mwaka mmoja baadaye, zaidi ya nusu ya lundo ilikuwa bado mlangoni, chini ya turubai. Maharusi walikuwa wamezoea kupigia picha upande wa pili, na mwenyekiti alikuwa amechaguliwa tena, kwa kura za wengi, akiahidi kununua turubai kubwa zaidi.