Mashine ya Sadia ya Kurusha Karatasi

Guleid alipofariki aliacha kibanda cha kutengeneza redio mtaani Galbet, mjini Garissa, na aliyekijua kibanda hicho nje ndani alikuwa bintiye, Sadia. Tangu usichana wake alikaa ubavuni mwa baba yake, akishika waya huku mzee akichomelea. Miaka hiyo ya vita ng'ambo ya mpaka, watu waliotaka habari walileta redio hata kutoka Hadado, mbali kaskazini, juu ya malori ya mbuzi.

Sasa kibanda kilikuwa mikononi mwa ami yake, Alio, naye alitaka kuuza vitambaa. Alikwisha kupatana na mnunuzi wa vyuma vikuukuu aje Ijumaa, baada ya swala.

"Adeer, niachie meza ya baba tu," Sadia alimwomba, kwa neno la Kisomali ambalo ami na mtoto wa nduguye huitana.

"Ya kazi gani? Takataka hizi haziwezi kurusha hata karatasi."

"Na zikirusha?"

Alio akacheka. "Zikirusha mpaka kwa Munyao, meza ni yako."

Munyao, fundi cherehani kutoka Ukambani, alikuwa na kibanda chake upande wa pili wa barabara.

Sadia akafungua redio kaseti mbili zilizokufa, akatoa mota zake. Alikata magurudumu kutoka kwenye ndara iliyochakaa, akayapanga yakaribiane na kuzunguka yakielekeana, ili yaibane karatasi na kuitema mbele. Debe la biskuti likawa njia ya kupitishia, betri ya lori ikawa nguvu. Ekseli zililia, naye akazipaka samli, kama nyumbani kwao walivyopaka kila kitu kinacholia, tangu bawaba hadi mkasi.

Alhamisi alimwita ami yake atazame. Jua la Garissa lilikuwa limekwisha kuiyeyusha samli, ikatambaa hadi kwenye mpira wa magurudumu. Karatasi iliteleza, ikazunguka mahali pamoja, ikatoka imelowa mafuta. Nzi wakaifuata.

"Umeunda au umepika?" Alio aliuliza. "Kesho mkokoteni unakuja."

Sadia alirudi mezani. Alisugua mpira kwa majivu mpaka ukakwaruza kidole, akafuta ekseli kwa mafuta ya taa, kisha akavuka barabara.

"Munyao, nigawie mafuta ya cherehani, tone tu."

"Chukua chupa, dada. Lakini hiyo karatasi isinitoboe jicho, nina suti ya watu hapa."

Ijumaa, watu walipotoka msikitini, mkokoteni ulikuwa umesimama mlangoni na mnunuzi wa vyuma amekwisha kupakia sanduku la spika. Sadia aliunganisha waya. Mota zikavuma, safari hii bila kulia. Alikunja ukurasa wa daftari ukawa ndege nyembamba, akaisukuma kwenye debe.

Ndege ile ilichomoka. Ilipita juu ya mkokoteni, juu ya punda wa muuza maji, ikavuka barabara nzima na kutua juu ya cherehani ya Munyao.

"Imefika!" Munyao alipaza sauti, akiinyanyua watu waione.

Wazee waliotoka kuswali wakapiga makofi. Mmoja akasema huyo ni Guleid mtupu. Sadia alirusha nyingine, na nyingine tena, zote zikafika.

Alio alisimama, mikono kiunoni. Kisha akamgeukia mwenye mkokoteni.

"Shusha hilo sanduku. Rudisha kila kitu mezani, pale pale ulipokitoa." Akaokota daftari, akachana ukurasa, akaanza kuukunja vibaya. "Sadia, adeer, sogea kidogo. Hii narusha mimi."