Kikombe cha Karani wa Madai

Tangu kampuni binafsi za bima zianze kubisha hodi Dodoma, karani wa madai katika shirika la bima la umma alikuwa akisomea mtihani wa uchambuzi wa mifumo ya kompyuta, ingawa kompyuta yenyewe ofisini kwao ilikuwa bado haijafika. Kila asubuhi alichonga penseli, akaweka kikombe cha chai juu ya faili lile lile, kisha akachora visanduku na mishale: dai linaingia, linakaguliwa, linalipwa. Alijiita "fundi visanduku", akajicheka mwenyewe kabla wenzake hawajamuwahi.

Siku moja akaja tena yule mama muuza mahindi wa Kibaigwa, ambaye lori lake lilipinduka mwezi wa pili na dai lake lilikuwa bado halijalipwa. Kitabu chake cha mtihani kilisema mchambuzi humsikiliza mteja kwanza, basi karani akamsogezea mchoro.

"Shikamoo, mama. Hebu nionyeshe dai lako limekwama wapi."

"Marahaba, baba." Mama hakuugusa mchoro. Alinyoosha kidole kwenye kikombe. "Hilo jina linalochungulia hapo chini si langu?"

Karani akakinyanyua. Faili lilikuwa limejaa miduara ya chai. Akachukua penseli, akaongeza kisanduku kimoja kwenye mchoro, akaandika ndani yake: mimi.